Udi Ndani ya Gari la Mzee Morita

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kutoka huku Japani, shikamoo. Vipi goti, limepoa? AC ya ukumbini imeshatengenezwa, au bado mnajazana nyote chumbani kwako? Mimi sijambo, alhamdulillahi. Baridi ya huku imenifanya nilipende lile koti la Baba nililokuwa nikilicheka.

Mama, ulivyoniaga uliniumiza. Uliniambia mlangoni, mbele ya watu: "Mie sipandi tena gari lako, Khalfan, mpaka upate mtu akutie adabu." Najua kisa chake. Nilikuzungusha kwa drifti pale uwanjani Al Khoudh, gari likateleza kiubavu, matairi yakafuka, ukashuka na kiatu kimoja mguuni. Tangu hapo ukienda Ansab kwa Mama Mkubwa unapanda teksi, na mwanao gari ninalo.

Basi mtu nimempata. Mzee Morita ana gereji ya kuyaongezea nguvu magari ya drifti. Nilidhani siku ya kwanza tu nitashika usukani, kumbe nilipewa ufagio! Nimefagia, nimepangusa spana, nimefagia tena. Na huyu bingwa mwenyewe, akiwa barabarani, anakwenda taratibu mpaka mimi abiria wake nasinzia. Drifti kwake ni uwanjani tu, geti likishafungwa.

Juzi akaniambia kesho yake nitaliendesha gari lake. Furaha iliyonishika sina la kukwambia. Nikataka kumkirimu mzee wa watu, nikafanya kama tufanyavyo nyumbani: nikawasha kile chetezo ulichonifungia, nikatia udi, nikakiweka ndani ya gari na kufunga milango ili moshi ukolee. Nilisahau kwamba hapa moshi ndani ya gari maana yake ni moto. Mzee alikuja mbio na mtungi wa kuzimia moto, akatupulizia unga mweupe, mimi na chetezo chako.

Nilipangusa viti huku machozi yananilenga. Nilijua usukani ndio basi tena. Mara akaja mkewe, Bi Haruko, na chakula cha mchana. Huyu hajaingia gari lile miaka mingi, harufu ya petroli na mpira humpa kizunguzungu. Akanusa ule udi, akafungua mlango, akakaa kiti cha mbele. Kisha akafunga mkanda.

Mzee Morita alimtazama mpaka nikaona haya mimi. Akazungumza kwenye simu yake inayotafsiri: "Kesho njoo na kitu hicho."

Na nimeendesha, Mama! Kwanza nilizunguka kama pia, kisha gari likanitii, likapita kona yote kiubavu. Nilipiga kelele peke yangu ndani mle. Niliposhuka, mzee akanipa ufagio nifagie vipande vya mpira uwanjani. Nikafagia huku nacheka.

Nisalimie Baba, na dada yangu Rahma, mwambie chumba changu si stoo. Msalimie Mama Mkubwa, na yule jirani anayetuletea samaki wa Quriyat, mwambie nimewakumbuka samaki wake kuliko yeye.

Nimebakisha kipande kimoja cha udi, hata Bi Haruko sikumpa. Nikifika nitalifukiza gari kabla sijafungua sanduku, halafu nikupeleke Ansab taratibu, wanaotaka kutupigia honi watupigie. Kaa mbele, Mama. Utashuka na viatu vyote viwili.

Mwanao, sasa ametiwa adabu,
Khalfan