Nani Alikuambia Mama Amechoka?

S.L.P. 46,
Suna, Migori.

24 Agosti 2025

Ndugu yangu mpendwa Wangwe,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hujambo wewe? Wifi Terry hajambo? Na watoto je, bado wanakohoa kama ulivyosema mwezi wa sita? Natumaini vifua vimepoa, maana huko kwenu majira ya joto ndiyo yanaishia na nasikia mtu halali hata na shuka. Sisi huku tu wazima. Mahindi tumevuna, yako kwenye turubai uani kwangu yanakauka. Shule zimefungwa, kwa hiyo koo langu limepata likizo ya kupigia kelele watoto wa Gredi ya Tatu.

Salamu zimeisha. Nimeziandika kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Sasa nisikilize, maana nimekasirika, na ukiona mahali kalamu imetoboa karatasi, ujue si kalamu mbovu.

Barua hii anakuletea Joyline, binti wa mchungaji wetu, anayerudi huko Minnesota wiki hii. Nimejaribu simu mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa kazini. Mara ya pili ulicheka. Mara ya tatu uliniandikia "Sis, relax" ukaweka na kile kichwa cha manjano kinachokonyeza jicho. Karatasi huwezi kuikonyezea.

Nianze pale ulipoanza wewe. Mwezi wa saba ulinipigia ukasema, "Dada, mpeleke Mama makambi ya kanisa Homa Bay wiki nzima, nataka kumfanyia kitu pale nyumbani, akirudi ashangae." Nikakuuliza ni kitu gani. Ukasema mshangao hauelezwi. Mimi nikafikiria tangi la maji, au lile bati la jikoni linalovuja. Sikuuliza tena. Hapo ndipo kosa langu lilipo na silifichi: ilinifaa kutouliza, kwa sababu na mimi nilitaka hiyo wiki.

Na kambi ilikuwa nzuri, hilo lazima ulijue. Mama aliimba mpaka sauti ikakauka. Alhamisi mchana, baada ya mafundisho, tuliteremka ziwani. Akavua viatu, akashika sketi, akaingia maji mpaka kwenye ugoko, mtu wa miaka sabini na mmoja, anacheka na akina mama asiowajua. Kila aliyemsalimia alimwambia, "Ni kijana wangu Wangwe amenileta." Nilimpiga picha. Siwezi kuitazama tena hiyo picha, kwa sababu saa ileile Elvis wa baba mdogo alikuwa nyumbani kwa Mama na mafundi wako.

Tulirudi Jumapili iliyopita. Elvis ndiye aliyetufungulia geti, na hapo ndipo nilipojua kwamba umemfanya msimamizi. Wangwe, bustani haikuwepo. Kuanzia mlango wa jikoni mpaka kwenye ua, managu, kunde, mrenda, chinsaga, ile mistari yote ya mboga, hakuna. Kulikuwa na nyasi za Pemba zimetandikwa vipande vipande kama zulia la hoteli. Kulikuwa na njia ya vitofali vyekundu vya kabro, bembea nyeupe ya chuma ya kukalia watu wawili, jiko la kuchomea nyama, na taa za sola zenye sura ya uyoga. Kuku walikuwa wamefungiwa nyuma ya choo.

Mama alisimama getini na mfuko wake. Hakuingia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mgeni anayeogopa kukosea boma, "Mellen, hapa ni kwa nani?"

"Ni kwako, Mama."

"Hapana," akasema. "Kwangu kuna mboga."

Elvis akacheka, akidhani anatania. "Mathe, ni surprise ya boss! Sasa wewe kazi yako ni kukaa tu, ukule maisha."

Mama alimuuliza kitu kimoja tu: "Ile chinsaga ya kando ya ukuta iko wapi?"

"Ile ilikuwa imekauka? Hiyo si ilikuwa takataka? Tuling'oa kwanza hiyo."

Ilikuwa imekauka! Ndugu yangu, wewe ulizaliwa katika nyumba hiyo. Hujawahi kuona kwamba kila mwezi wa nane kuna mstari mmoja wa chinsaga ambao Mama hachumi hata jani? Anauacha uzeeke makusudi, viganda vikauke, apukuchue mbegu, azichanganye na majivu, azifunike kwenye mkebe zingoje mvua ya mwezi wa tisa. Ile yenye shina la zambarau. Alikuja nayo kutoka kwao Nyamira, imefungwa kwenye pembe ya leso, siku alipoolewa na Baba, na Wakuria wa huku wakamcheka kwamba bibi arusi ameleta majani. Hajawahi kununua mbegu hiyo maishani mwake. Na mkebe ulikuwa mtupu, kwa sababu Machi alipanda zote. Ule mstari ndio uliokuwa umebaki.

Jumatatu asubuhi alimwambia Elvis amwonyeshe mahali walipotupa. Elvis akasema ni kwenye lile shimo walikochimba murram ya barabara, njia ya kwenda mtoni. Mama akasema, "Twende." Nilimsihi nikachoka. Tukaenda. Tulipofika tukakuta rundo limeshachomwa, majivu bado yana joto. Mama alichuchumaa akaanza kuyapekua kwa vidole, taratibu, kama mtu aliyeangusha pete. Nikamwambia, "Mama, inuka, twende nyumbani." Akasema, "Ngoja kidogo." Alipata kiganda kimoja. Akakipasua kwenye kiganja, akakipuliza. Kilichokuwemo ndani kilikuwa makaa. Akajipangusa kwenye sketi, akasema, "Basi."

Tumerudi tu, hata maji hajanawa, simu yako ya video ikaingia. Ukamwambia, "Mama, kaa kwenye bembea nikuone!" Akakaa. Ukamwambia atabasamu. Akatabasamu. Ukapiga picha yako ukaiweka Facebook, ukaandika kwamba hatimaye Mama anapumzika, na watu zaidi ya mia tatu wakabonyeza moyo. Ifungue tena hiyo picha, Wangwe. Acha uso, tazama mikono. Yale meusi kati ya vidole ni majivu.

Ulipokata simu nilimuuliza kwa nini hakukuambia. Akasema, "Hukuona alivyokuwa na furaha? Sasa ningemwambia nini mtoto mwenye furaha hivyo?"

Mimi ndiye ninayekuuliza sasa. Nani alikuambia Mama amechoka? Ulimwona kwenye video ameinama na jembe, ukaamua hiyo ni taabu. Hukuuliza. Ile haikuwa kazi yake, ile ndiyo ilikuwa starehe yake. Saa kumi kila siku, isipokuwa Sabato, Eucabeth anakuja na kigoda chake. Unamjua, yule mjane wa nyumba ya pili, Mkisii mwenzake. Wanakaa katikati ya mboga, beseni miguuni, wanachambua majani, wanaichambua na Suna yote pamoja nayo. Nimewahi kuwasikia wakicheka nikiwa kwangu, ng'ambo ya barabara, redio imewashwa. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba kila Jumapili unasukuma ile mashine yako ya kukata nyasi, na hiyo ndiyo saa pekee unayojisikia mtu. Je, ukitoka safari ukute nimekumwagia simiti hapo, nikakuwekea kiti nikakwambia pumzika, ungetabasamu?

Subiri, sijamaliza. Jumatano saa kumi Eucabeth alikuja. Alijua bustani haipo, kwa hiyo alibeba managu ya kwake ili wapate cha kushika mikononi. Hajafika hata kwenye bembea, Elvis akamzuia. "Shosh, samahani, ni order ya boss. Hakuna kukanyaga nyasi mpaka zishike. Zunguka nyuma."

Eucabeth akamtazama Mama, aone kama atasema neno. Mama akatazama chini. Aliona haya, Wangwe, uani kwake, mbele ya rafiki yake wa miaka thelathini. Eucabeth akageuka akaenda na kigoda chake. Mama akaingia ndani akafunga mlango, saa kumi mchana, jua linawaka. Niliyomwambia Elvis hapo siyaandiki, kwa sababu Joyline ni binti wa mchungaji na bahasha hii si ngumu kufungua.

Alhamisi Mama hakutoka. Nilimpelekea uji, akanywa nusu.

Ijumaa saa mbili asubuhi nilifika na maziwa nikamkuta kwenye kona ya ukuta na jembe. Alikuwa ameshapasua kipande cha ukubwa wa kitanda. Elvis akaja mbio, mswaki mdomoni. "Mathe! Mathe, wacha! Boss ataniuliza mimi!"

Mama hata hakunyoosha mgongo. "Mwambie mama yake analima."

Hapo ndipo nilipokupigia nikakuambia Mama anang'oa nyasi zako, na hapo ndipo ulipocheka. Nikakata simu nikachukua jembe la pili. Nyasi zenyewe hazikuwa zimeshika, zilikunjika kama mkeka. Eucabeth akasikia vishindo, akaja na jembe lake bila kuitwa, akapita katikati ya zile zilizobaki, akizikanyaga makusudi, hatua ndefu ndefu. Elvis aliendelea kusimama tu, mpaka Mama akamwambia, "Na wewe kama una mikono, beba." Akabeba. Ana moyo mzuri, yeye alikuwa anafuata maneno yako. Kufikia saa saba tulikuwa tumefika kwenye kabro. Kuku tuliwafungulia. Bembea imebaki. Eucabeth anasema itafaa kuanikia kunde.

Jana ilikuwa Sabato tukapumzika. Leo amepanda mbegu alizoletewa na Eucabeth kutoka sokoni. Ni chinsaga pia, lakini shina lake ni kijani. Mama mdogo Moraa wa Nyamira anasema siku hizi hata huko wanapanda za pakiti, ila ataulizia ile ya zambarau kwa wazee. Tumeulizia Kehancha, tumeulizia Rongo, hakuna. Hizi alizopanda zitaota, tutakula. Lakini si ile. Ile imekwisha mikononi mwetu, wewe uliyeamuru na mimi niliyemwondoa nyumbani.

Mama hajui kwamba nakuandikia. Alinikataza kabisa nisikuambie habari za mbegu, eti utaumia huko peke yako. Nina miaka arobaini na sita na mara nyingi nimemtii. Safari hii sikumtii, kwa sababu sioni kwa nini yeye abebe jambo hili kimya ili wewe uendelee kufurahi.

Nataka ufanye haya. Ile picha iondoe leo. Kisha mpigie Mama simu ya sauti tu, asilazimike kukutengenezea uso. Muulize juu ya ile chinsaga, ilitoka wapi, aliibebaje, halafu unyamaze mpaka amalize, hata kama ni saa nzima, hata kama atalia. Usimwambie utamletea kitu kingine. Umwambie samahani. Na usimlaumu Elvis.

Wale marafiki zako wa kazini ulioahidi kuwaleta kuwachomea nyama uani kwa Mama Desemba, waambie wangoje. Wiki ya kwanza njoo na Terry na watoto. Waje wachafuke. Kuna upande wote wa jikoni ambao bado una nyasi zako, tumeuacha makusudi, na huo utaulima wewe.

Mume wangu Kerosi anawasalimu sana, anasema nisikuandikie nikiwa na hasira, lakini yeye hakuwa kwenye lile shimo. Elvis anakusalimu na anakuogopa. Baba mdogo na Mama mdogo Moraa wanawasalimu. Nilimuuliza Eucabeth kama ana salamu kwako. Akaniambia nisubiri kwanza asikie umesema nini.

Mungu awalinde, awaponyeshe watoto, awafikishe Desemba salama. Na akupe masikio, hilo ndilo ninalokuombea zaidi.

Dada yako, anayekupenda na ambaye bado hajapoa,

Mellen