Saloma Alivyokimbia San Juan

Juan Díaz, Panama
9 Mei 1984

Mdogo wangu mpendwa Olmedo,

Nakusalimu kwa moyo wote huko San Juan uliko. Natumaini u mzima, kifua chako hakikubani tena wakati wa mvua, na umempata mtu wa kukupikia chakula cha maana, kwa sababu nakujua, ukiachwa peke yako unaishi kwa kahawa na mkate. Sisi huku miili ni mizima. Mama miguu inamvimba akisimama sana jikoni, lakini ukimwambia aketi anakuuliza kama ni wewe utakayekaanga ndizi za wateja. Baba anakula kidogo. Mvua zimeanza, na maji yameshaingia kwenye banda la kuku.

Nimekawia kuandika. Kalamu nimeishika mara nyingi na kuiweka chini, na utaona sababu ukisoma hadi mwisho. Nakuomba usome hadi mwisho.

Unajua kwamba tangu Saloma aliposhindwa huko Desemba, mgahawa wa Mama haujatulia. Farasi ambaye hapa nyumbani hakuwahi kuuona mkia wa mwenzake, anavuka maji mara moja tu na kumaliza wa tano! Siku ile ya mbio tulikuwa tumejazana mbele ya redio hadi watu wengine wamekaa juu ya magunia ya mchele. Mtangazaji alipotaja watatu wa kwanza na jina la Saloma halimo, Mama alidhani redio imeharibika, akaigonga kwa mwiko.

Toribio, yule dereva wa basi, ndiye aliyeanza matusi. Unakumbuka alikuwa amemchora Saloma nyuma ya basi lake, shingo juu, moshi unamtoka puani. Jumatatu alikuja sehemu ile imepakwa kijani, rangi bado mbichi, akaagiza supu yake ya kuku na kutangaza kwamba Saloma ni malkia wa uani. "Hapa anatamba kwa sababu anashindana na mbuzi," alisema. "Mvushe maji kidogo, mwonyeshe farasi wa watu, anageuka punda wa kuni."

Bi Hortensia alikuwa amekaa pembeni na ubao wake wa tiketi za bahati nasibu. Hakumwacha. "Wewe Toribio ukivuka daraja tu kwenda Arraiján unaumwa tumbo," alimwambia. "Mnyama kafungiwa kwenye ndege, kashuka kafungiwa tena karantini, kapewa maji asiyoyajua, mchanga wa kule unameza kwato nzima. Ungekuwa wewe ungefika hai?" Watu walicheka hadi Toribio naye akacheka, lakini kesho yake alirudi na hoja mpya, na keshokutwa nyingine.

Basi ikawa ndiyo kazi yao, miezi yote hiyo. Leo ni mchanga, kesho ni ndege, keshokutwa ni majani makavu ambayo Saloma aliyakataa. Wengine walisema farasi jike hana moyo wa kusafiri, na Mama akawatolea nje viti vyao. Lakini taratibu, bila mtu kupanga, maneno yote yalianza kumwelekea mkufunzi wake, Mzee Abdiel. Kwamba amemkimbiza sana mazoezini. Kwamba amempeleka amechoka. Kwamba amezeeka, hajui tena kufundisha farasi, ni jina tu limebaki.

Na silaha waliyompigia Mzee Abdiel niliwapa mimi, Olmedo. Ulipopiga simu baada ya mbio uliniambia, "Dada, nilimwomba mbio, hakuwa nazo." Neno hilo nililishika. Kila mtu aliyeuliza kama kijana aliyempanda alikosea, nilimjibu hivyo hivyo: Olmedo alimwomba mbio, hakuwa nazo. Nililisema hadi wateja wakawa wanalimalizia wenyewe. Toribio alipothubutu siku moja kuuliza mbona kijana huyo amebaki huko huko na kupata kazi kwenye banda la farasi aliyeshinda, nilichukua bakuli lake la supu nikalimwaga mlangoni mbele ya miguu yake. Nikamwambia umebaki kwa sababu watu kama yeye wangekupiga mawe uwanja wa ndege. Ndivyo ulivyoniambia, nami nikaamini, kwa kuwa sikuwahi kuwa na sababu ya kutokukuamini.

Mzee Abdiel mwenyewe hakujitetea. Mwenye Saloma aliondoa farasi wake wote bandani kwake, na wenye farasi wengine wakafuata mkumbo. Saloma akauzwa, naye akapelekwa Los Santos, ambako wanamkimbiza barabarani kwenye sherehe za vijijini, juu ya lami, na walevi mgongoni. Kila mchana mzee alikuja kula kwetu, akakaa ameupa mlango uso na watu mgongo. Siku moja aliniita, nikadhani anataka chumvi. Aliniambia nikikuandikia nikwambie usijilaumu. Kwamba mpanda farasi hawezi kumpa farasi miguu asiyokuwa nayo, na kama kuna kosa ni lake yeye, baba yako wa ubatizo, aliyekusafirisha na mnyama ambaye hakuwa tayari. Nililia jikoni siku ile. Nilikuwa namlilia yeye, na nilikuwa najivunia wewe.

Sasa nikueleze lililotokea mwezi uliopita.

Binamu yake Bi Hortensia anayeishi huko huko San Juan alikuja kutembea, akaleta mkanda wa video. Alikuwa amerekodi mbio zile kwenye televisheni yake. Hebu fikiria, miezi tunagombana na hakuna hata mmoja wetu aliyeziona! Toribio akaenda kuazima mashine kwa shemeji yake, tukaipachika kwenye televisheni ya Mama, na Jumapili baada ya misa mgahawa ulijaa kuliko siku ya mbio zenyewe. Baba alikuja amevaa kofia yake nzuri. Alikaa mbele kabisa, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyealikwa harusini. Mzee Abdiel hakuja. Alisema hataki kumwona Saloma akiteseka.

Kwenye mkanda wakafungua milango ya kuanzia mbio. Saloma alitoka vizuri, watu wakapiga makofi kana kwamba matokeo bado. Upande wa mbali alikuwa wa tatu, anakwenda raha mustarehe, masikio mbele. Bi Hortensia akapiga kelele, "Mwangalieni, huyo ndiye aliyechoka?" Toribio akamjibu asubiri, kuchoka kunakuja. Ilipofika kona ya mwisho ukaanza kupiga mjeledi. Mkono wako ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, na Saloma akawa anarudi nyuma, wa tatu, wa nne, na yule farasi wa kijivu aliyeshinda akapita upande wa ndani, mahali ulipokuwa umemwachia nafasi ya kupita gari. Watu wakaguna. Toribio akasema, "Si niliwaambia?" lakini alisema kwa sauti ndogo, bila furaha.

Baba akasema, "Rudisha."

Toribio akarudisha. Baba akasogeza kiti hadi pua ikakaribia kioo. Akasema rudisha tena, na safari hii usimamishe kwenye kona. Nami nikasogea nyuma yake, na hapo, mdogo wangu, nikaona. Mjeledi ulikuwa unapiga buti lako. Haukumgusa Saloma hata mara moja. Umekaa kitako nyuma ya tandiko, visigino umevisukuma mbele, na mkono wa kushoto umeuzungushia hatamu hadi shingo ya mnyama imepinda na mdomo wake uko wazi. Ni Baba aliyekufundisha kumshika farasi namna ile pale anapotaka kukimbia kabla ya wakati. Alikufundisha uani kwetu, juu ya pipa, nami nikishika kamba upande wa pili.

Nadhani kila mtu alikuwa ameshaona na kila mtu alikuwa anamngoja Baba. Alivua kofia. Akasema polepole, bila kumtazama mtu, "Farasi huyo hakuchoka. Anaomba ruhusa. Anaiomba kona nzima, na huyo aliye juu yake anamnyima."

Hakusema mwanangu, Olmedo. Alisema huyo aliye juu yake.

Nilitegemea Toribio atupige kwa maneno, na tungestahili. Hakutupiga. Alizima mashine, akabaki anausugua mkanda kwa shati lake kama una vumbi. Aliyenigeukia ni Bi Hortensia, ambaye amenibeba mgongoni nikiwa mchanga. Aliniuliza, "Itzel, na wewe ulijua?" Nikamwambia sikujua. Akachukua ubao wake wa tiketi akatoka. Wengine wakamfuata. Sahani zilibaki mezani na chakula, na Mama akaanza kuzikusanya moja moja, na hakutaka nimsaidie.

Jioni ile ile Baba na mimi tulikwenda kwa Mzee Abdiel. Baba alitaka kusema yeye, lakini alipofika mlangoni alinisukuma mbele, nikasema mimi. Unajua mzee alifanya nini? Alikasirika! Alituambia hatuna haya, baba na dada wa damu, kumsengenya mtoto ambaye hayupo. Kwamba wewe umelala bandani kwake tangu una umri wa miaka kumi na minne, umekula sahani moja na yeye, na kitendo hicho huwezi. Ikabidi tumlete hadi mgahawani na kumwonyesha. Alitazama mara moja tu. Kisha akaniuliza kama nakumbuka kidonda alichorudi nacho Saloma kwenye pembe ya mdomo, ambacho wewe ulimwambia kwa simu kimetokana na geti la karantini. Nikamwambia nakumbuka. "Nilikipaka dawa mwenyewe," alisema. "Kila siku nikikipaka nilikuwa namwambia, pole mama, geti baya lile."

Hata hapo, mdogo wangu, bado nilikuwa nakutafutia mlango wa kutokea. Labda walikutisha. Labda walikushikia kisu. Ndiyo maana nikakupigia simu. Nilikuwa nimesimama kwenye kibanda cha simu, mvua inapiga kioo, na nilikuwa naomba unipe uongo wowote ule, kwa sababu nilikuwa tayari kuumeza. Ulicheka kidogo, ukasema, "Dada, ni farasi tu." Ukaniambia watu wa farasi wa kijivu walikuahidi kazi kama Saloma hatashinda, na kwamba kwa Mzee Abdiel ungezeeka ukipanda farasi wa majirani. Ukaniambia yaishie kwetu wawili, kwa kuwa mimi peke yangu ndiye unayeweza kumwambia ukweli.

Maneno hayo ya mwisho yangenifurahisha sana zamani. Safari hii niliyageuza kichwani nikiwa narudi nyumbani, na sikuona ukweli ulionipa isipokuwa ule ambao mkanda ulikuwa umeshanionyesha. Kabla ya hapo ulinipa uongo, ukanifanya niutembeze meza kwa meza pamoja na supu, na kwa mdomo wangu nikalivunja jina la mzee aliyekulea. Umemdanganya Baba, umemdanganya Mzee Abdiel, na Saloma ambaye hana mtu wa kumlalamikia. Lakini mimi umenitumia. Hilo sijui nitalipeleka wapi.

Basi nisikie sasa. Jumatano ya wiki iliyopita wasimamizi wa uwanja walimwita Mzee Abdiel kuhusu leseni yake, maana kulikuwa na watu wanaotaka anyang'anywe kwa kupeleka farasi mgonjwa nje ya nchi. Aliapa mbele yangu kwamba hatalitaja jina lako. Alisema afadhali apoteze leseni, yeye amebakiza miaka michache na wewe una maisha mbele. Alivaa suti yake ya zamani akaenda kujitia hatiani, Olmedo, kwa ajili yako.

Mimi nikamfuata. Nikaingia bila kuitwa, nikaweka mkanda juu ya meza yao, na walipouliza kama mpanda farasi amewahi kueleza kilichotokea, niliwaambia ulichoniambia kwenye simu. Vyote. Kazi uliyoahidiwa, na kwamba ni farasi tu. Mzee Abdiel alikuwa ananivuta mkono ninyamaze. Sikunyamaza. Wakaniuliza kama nafahamu ninamsema nani. Nikawajibu ninamsema mdogo wangu wa tumbo moja.

Mzee amebaki na leseni yake. Wameshaandika kwa wenzao wa San Juan, nao watakuita. Huenda hutapanda tena huko, na hapa nyumbani hutapanda. Nimetaka uisikie habari hii kutoka kwangu kabla ya kuisikia kwao. Uliniamini kama dada, nami nimekufichua. Sitakuomba msamaha, kwa kuwa sina majuto, na nikikuomba nitakuwa nakudanganya, na kati yetu uongo umeshatosha. Nimelia, lakini hilo ni jambo lingine.

Mzee Abdiel yuko Los Santos wiki hii. Toribio amempeleka kwa basi lake. Wanamtafuta Saloma, wajue kama walio naye sasa watakubali kumwachia.

Mama anakusalimu sana. Amekufungia kahawa ya Boquete, ataituma kwa mtu atakayesafiri, na anasema uvae flana kifuani mvua ikinyesha. Majirani wachache wanakuulizia, wengine hawakuulizii. Bi Hortensia ameanza tena kuja kwetu, anakaa karibu na dirisha.

Nilimuuliza Baba nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Akaniambia niandike kwamba kuku wote wako salama.

Ni mimi dada yako,
Itzel