Kiti Ulichotupimia

Ngrandu, Gunungkidul
Jumanne, 14 Agosti

Mpendwa mjukuu wangu Wening,

Hivi kusoma kumekuondolea akili? Jirani yetu mzee, Mbah Tukijan, anayeinuka kwa kushikilia mlango, ainuke kitini mara tano kwa sekunde tisa, nawe unaandika tu!

Haya, nikusalimu kwanza. Hujambo, Nduk, binti yangu? Unakula, au ni zile tambi za kumwagia maji ya moto? Mimi sijambo, ila goti la kushoto. Mbuzi amezaa wawili.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, polepole, kwa miwani ya marehemu babu yako. Unasema profesa wako amefurahi, hajaona wazee wenye miguu imara kama wa Ngrandu, na sura nzima ya kitabu chako cha udaktari wa uzee ni sisi. Nikafurahi. Kisha nikakosa raha.

Sasa sikia. Ulipotuarifu kwamba utakuja kutupima, kuinuka kitini mikono kifuani, niliwakusanya wazee wote uani kwangu. Wiki mbili, kila asubuhi, mimi nikihesabu. "Inuka, Tukijan! Mtoto anakuja na mwalimu wake, unataka aonekane katoka kwa watu waliooza?" Naye, "Wee Sarinten, hata jeshini sikuteswa hivi!" Mbah Wagiyem alicheka mpaka akajikojolea.

Siku yenyewe tulikunywa tangawizi na manjano, tukachuliwa magoti, tukainuka kama vijana. Ulipoondoka, Tukijan alilala kitandani siku tatu.

Sikutaka uaibike, basi. Nimekulea tangu mama yako alipokwenda kufanya kazi Malaysia. Nilitaka waone umetoka kwa watu.

Lakini zile karatasi za vipimo ulizowaachia akina mama wanaozunguka majumbani kuwaangalia wazee, wamezisoma. Wakaona Tukijan ana nguvu, wakamtoa kwenye orodha. Alhamisi iliyopita, siku ambayo wangekuwa kwake asubuhi, aliteleza bafuni. Alilala pale sakafuni mpaka adhuhuri, nilipompelekea wali. Nyonga imevunjika. Akaniambia, "Usimwambie Wening, atalia." Nimekuambia.

Na mimi nilianguka mara mbili mwezi wa Ramadhani. Uliniuliza, nikasema hapana. Mkwe wangu alikuwa amekaa pale pale anamenya vitunguu, angesikia angenikataza hata kutoka uani; ulitaka nisemeje?

Sura hiyo ichane. Najua ni kazi ya mwaka mzima, najua, na moyo unaniuma kuliko goti. Profesa akikasirika, mwambie kosa ni la bibi yako, aje anigombeze mwenyewe nimpikie. Wewe ukitaka kulia, lia, kisha nawa uso. Bado najivunia wewe. Kwani nani mwingine hapa ana mjukuu anayeuliza wazee wanaanguka wapi?

Shangazi yako Parti anakusalimu. Wagiyem pia, na Tukijan kutoka kitandani, anasema safari hii utampima akiwa amelala. Mungu akupe uzee mrefu, na mtu wa kukuinua.

Ni mimi bibi yako, ninayekupenda kuliko goti langu zima,
Sarinten

Waandikie akina mama leo hii wamrudishe Tukijan kwenye orodha. Kisha panda basi uje bila kumwarifu mtu. Anza na mimi, asubuhi, kabla sijanywa dawa ya goti, na mkwe wangu mtume sokoni.