Fanueli Mhina, Bi Chiriku wetu wa Mabawa

Baba Lea, unajua kwamba Jumatatu hii unatimia mwaka mzima tangu ulipotutoka? Ilikuwa Agosti 11, 1957, asubuhi, chai yako bado ya moto. Mpaka leo nachemsha maji ya watu wawili, halafu yako yakipoa naumwagia mchicha.

Siku sita za wiki ulikuwa fundi cherehani pale barazani Usagara, futi shingoni, na hukumcheka mteja hata siku moja kwa viraka vyake. Siku ya saba, ukishatoka kanisani, ulikuwa mwanamke. Mke wa mtu hakupanda jukwaani akatazamwa na kambi nzima, kwa hiyo katika michezo ya kuigiza wanawake waliigizwa na wanaume, na wewe uliwapita wote. Miaka ishirini ulikuwa Bi Chiriku, mke asiyeishiwa maneno. Kila kambi ya mkonge kutoka Pongwe mpaka Muheza ilikujua kwa jina hilo.

Jumamosi ulikuwa unakaa jikoni kwangu juu ya kinu kilichopinduliwa. "Mama Lea, mume akikuletea samaki aliyeoza na bado anakusifia, unasemaje?" Mimi nasema huku nakuna nazi, nawe unarudia mpaka shingo inakaa inavyotakiwa.

Jumatatu anakuja jirani yetu Mwatumu. "Yudith, jana umetuvunja mbavu."

"Mimi jana nilikuwa nafua."

"Basi yupo aliyekuiba wewe na kiuno chako."

Nawe kule kwenye cherehani unajifanya unatafuta sindano.

Ulipoitwa Dar es Salaam kuigiza redioni tulikaa kwa Mwinyijuma mwenye redio, ua mzima. Uliporudi ulisema, "Kule wanasikia tu, Mama Lea. Khanga nimejifunga bure." Lakini Zebedayo mwanao, uliyekwenda naye, aliniambia ulikuwa umepaka na wanja.

Siku ile ya kambi ya Ngomeni siisahau. Homa ilikukausha sauti, na watu wameshakaa chini wanangoja. Ulinitazama, nikaingia nyuma ya pazia la magunia. Wewe ukawa unatikisa kichwa na kurusha mikono, maneno nayasema mimi. Nilianza na yale ya siku zote, halafu nikamtolea yule mume wa mchezoni maneno yangu mwenyewe, ya siku nyingi. Watu walicheka mpaka wakalala kwenye majani. Nilichungulia kwenye tundu la gunia nikaziona nyuso zao, Baba Lea, na moyo wangu ukataka kutoka.

Ndani ya lori tukirudi ulinong'ona, "Leo wamekucheka wewe, si mimi."

Nilitaka kukuambia kwamba siku nyingine nicheze mimi. Nikaona homa imekushika, tena watu watasemaje. Nikakwambia, "Jifunike kifua." Miaka minane baada ya hapo tulikula sahani moja na neno hilo sikulisema. Najua usingenicheka. Ndiyo maana linaniuma.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Yudith, wanao Lea na Zebedayo, dada yako Praxeda wa Korogwe, mkweo Eliudi, na wajukuu saba. Mdogo wao anatembea kama wewe ulivyokuwa ukitembea kama mimi. Jina lako linatajwa nyumbani humu kila siku, na litatajwa mpaka wa mwisho wetu.

Ninalo moja la kukuarifu. Juzi alikuja Msafiri, mumeo wa jukwaani. Alikaa mkekani, akazunguka na habari za mvua kwanza.

"Shemeji, tunataka kumchezea marehemu siku ya kumbukumbu yake. Kombo wa kikundi chetu ndiye atakuwa Bi Chiriku. Lakini anatembea kama askari. Tunaomba umfundishe."

Nilimwambia Kombo hafundishiki, namjua tangu utoto wake.

"Sasa tufanyeje?"

Lea alikuwa mlangoni anachambua mchele, akaacha. Nami nilikuwa nimeshika ungo, nikauweka chini.

"Shemeji," nikasema, "nataka kucheza mimi. Nimetaka tangu marehemu yu hai, na yeye hakuambiwa."