Niliitikia Jina la Kimura

Mama yangu, shikamoo. Mguu wa baba unaendeleaje? Na huko Mhunze mvua imeonekana, au mnatazama mawingu tu? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hautulii, na kwenye simu nimeshindwa kukueleza.

Kati ya wazee ninaowahudumia hapa Japani yumo mmoja anayekaribia miaka mia. Ujanani alikuwa baharia wa manowari, meli ya vita. Kila nikimlisha uji ananisimulia upya: ilivyosindikiza meli za mizigo, ilivyowinda nyambizi, ilivyopigwa kombora ikaburutwa bandarini, ikachomelewa, ikarudi vitani. Safari ya mwisho ndege ziliitoboa. Maji yakaingia chumba cha injini, naye akaamriwa afunge mfuniko wa chumba hicho ili meli iokoke. Akafunga. Chini alikuwemo rafiki yake, Kimura. Meli ikazama vilevile.

Asubuhi huwaita wenzake wa zamu ya melini, mmoja mmoja. Mwezi uliopita nilikuwa nimeinama natandika kitanda, akaita, "Kimura!" Mama, umenilea mwenyewe: mtu mzima akiita nyumbani kwetu, aliye karibu anaitika hata kama hakuitwa yeye. Nikaitika, "Abee!" Mzee akanishika mkono, akalia sana.

Tangu siku hiyo nisipoitika hali chakula. Msimamizi akanionya: "Unamdanganya mgonjwa. Ukirudia, kazi huna." Mimi nami naogopa, maana kumwitikia marehemu si mchezo. Halafu namkumbuka kaka Masanja kule Nyarugusu, anavyoshuka duarani, shimo refu la mgodi, kutafuta dhahabu na kamba yake moja, basi siku nzima sikai nikatulia. Mwambie asizime simu, tafadhali.

Jana nikajikaza, nikanyamaza. Mzee akaita mara tatu. Kisha akajitupa chini kutoka kitandani, akaanza kukwaruza sakafu kwa kucha, anatafuta mfuniko. Kucha zikatoka damu. Sikuweza, mama. Nikapiga magoti, nikaitika. Akaninong'oneza, "Toka upesi, nimefungua."

Nikamwambia, "Nimeshatoka."

Msimamizi alikuwa mlangoni, ameona yote. Mpaka sasa sijui kama kazi bado ninayo. Kama nimekosea, uniambie wewe kwanza.

Msalimie baba, bibi mzaa baba, na mama mdogo Kabula na mapacha wake. Wasiambiwe habari ya kazi, waambie tu nawakumbuka.

Mimi binti yako,
Nkwimba