Simu Niliyomficha Neema

Jumapili, Moshi

Ningemwambia tu. Kazi yangu ni kumtuliza Neema kabla ya mbio za magari mawili mawili: apumue taratibu, asiwaze kingine ila taa ya kuanzia. Leo, akiwa ameshawasha gari, baba yake alinipigia kutoka Kirua. Bibi yake kaanguka migombani, kakimbizwa hospitali.

Nikanyamaza. Nilijisemea ni kwa usalama wake. Uongo. Nilitaka ashinde.

Akashinda. Alipokuja kunikumbatia, ndipo nikamwambia.

"Dada, ulijua kabla sijaondoka?"

"Nilijua."

Akaondoka na bodaboda, ovaroli bado mwilini. Hata kikombe cha ushindi hakukisubiri.

Jioni hii ameniandikia: "Bibi anaendelea vizuri. Mbio zijazo usije."

Nimemshukuru Mungu kwa ajili ya bibi. Hilo la mbio zijazo bado nalisoma tena na tena.