Shada la Tanuri la Zamani

Mchafukoge,
Sikukuu ya Dashera

Baba, shikamoo.

Hapa kiwandani hatujambo, na sabuni yetu bado inagombaniwa Kariakoo.

Umeuliza kutoka huko India, Rajkot, nani amenilazimisha kuzima tanuri lako la mafuta mazito. Hakuna mtu. Wenye viwanda tuliombwa kupunguza hewa ukaa kwa hiari, nami nikasaini kabla ya wote. La sasa ni la umeme. Kasirika tu, ubishi nimeurithi kwako.

Leo kwenye puja, ibada ya kubariki mitambo, fundi wako Kitwana, kwa mazoea, alilivika shada tanuri la zamani. Nikamwacha. Enzi zako maua yalikauka kwa joto kabla ya adhuhuri. Jioni hii bado ni mabichi.

Hukuuliza habari za Mama. Hakohoi tena. Siku hizi analala na dirisha la upande wa bomba la moshi likiwa wazi.

Bintiyo mbishi,
Ekta